Kambi juu ya njia ya kiboko: uchambuzi wa safari ya siku nne Hifadhi ya Taifa Nyerere

Kwa nini kisa hiki

Hakuna aliyekufa katika kisa hiki, wala aliyelazwa hospitali, na ndiyo sababu nimekichagua. Ajali ya kifo huandikiwa ripoti, watu wakahojiwa, kanuni zikabadilishwa. Tukio la "tumenusurika" huishia kuwa hadithi ya jioni, na kila anayeisimulia huongeza tembo mmoja. Ratiba ya safari hii niliiandika mimi nilipokuwa mratibu katika ofisi ya kampuni ya utalii, kwa hiyo sehemu ya makosa utakayoyasoma ni yangu. Nimeondoa jina la kampuni, jina la ziwa, namba ya kambi na mwaka, na nimebadili mambo mawili matatu kuhusu familia. Hifadhi nimeitaja, maana bila kujua ni pori gani, baadhi ya maamuzi hayataeleweka.

Usuli

Wageni walikuwa watano, familia moja ya Dar es Salaam: baba, mama, kijana wa miaka 15, binti wa miaka 11, na bibi yao mzaa baba aliyepita sitini. Waliomba siku nne, na katika usiku tatu walitaka mmoja uwe "porini kabisa, si hotelini". Wazo lilikuwa la kijana, fedha za baba. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba asilale peke yake, kwa hiyo akapangwa hema moja na mjukuu wake wa kike.

Hifadhi ya Taifa Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ina kilomita za mraba 30,893, lakini sehemu wanayoitembelea wageni wengi ni ndogo tu: ukanda wa kaskazini, kwenye Mto Rufiji na maziwa yaliyoshikamana nao. Safari yetu iliangukia mwishoni mwa Septemba. Wakati huo mabwawa ya ndani yameshakauka na kila chenye kiu kinasogea kwenye maziwa hayo. Ndiyo raha ya kwenda mwezi huo, na ndiyo hatari ya kulala kando ya maji.

Tuliwakatia kambi maalumu. Kwa asiyejua, kambi maalumu si kambi nzuri zaidi. Maana yake ni kwamba eneo ni lenu peke yenu usiku huo, na hakuna kitu pale: hakuna choo, bomba wala uzio. Mnachokikuta ni ardhi na miti.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Dereva-mwongoza alikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini, mpishi tulimzoea, na askari wa hifadhi mwenye silaha alipandia langoni. Gari lilikuwa moja, Land Cruiser ya paa la kufunguka, lenye redio ya upepo na simu ya setilaiti. Liangalie hilo neno "moja". Mpishi na mahema walisafiri na wageni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutangulia kuandaa kambi. Gari la pili lilikuwa kwenye rasimu ya kwanza ya bajeti. Nililifuta mimi.

Jambo la mwisho la usuli ni kibali. Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa 12 asubuhi lango linapofunguliwa, kesho yake saa 12 asubuhi muda wako umekwisha, na hapo ndipo wanyama wanaonekana vizuri. Waratibu wengi tuna ujanja wetu: ingia saa 4 asubuhi, lala ndani, zunguka alfajiri, toka saa 4. Siku moja ya malipo inakupa asubuhi mbili na jioni moja. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

Mtiririko hadi jioni ya siku ya pili

Siku ya kwanza haina la kusimulia. Waliondoka Dar alfajiri, wakaacha lami Kibiti, wakala vumbi hadi Mloka, wakalala nje ya lango la Mtemere.

Siku ya pili walifika langoni saa 4 asubuhi kama ilivyoandikwa. Mtandao wa malipo ulikuwa unasuasua, na namba ya malipo ilichelewa kusoma. Wakaingia saa 5 na nusu. Wakaona twiga wengi, simba wawili chini ya mti, wakala chakula cha mchana saa 8. Kutoka hapo hadi kambini ulikuwa mwendo wa dakika 40.

Saa 9 na nusu dereva alikuwa ameshageuza gari kuelekea kambini. Redioni ikaja sauti ya mwenzake: mbwa mwitu na watoto wao, upande wa pili wa ziwa. Mbwa mwitu ni mnyama adimu Afrika nzima, na Nyerere ni miongoni mwa ngome zake kubwa zilizobaki. Dereva akawauliza wageni. Unamuuliza kijana wa miaka 15 kama anataka kuona mbwa mwitu! Wakaenda, wakawakuta saa 10 na robo, wakakaa nao zaidi ya nusu saa. Picha nimeziona, ni nzuri sana.

Waliondoka pale saa 11 kasoro dakika 10. Njiani tairi la nyuma likapata pancha kwenye mchanga. Jeki ya Tanganyika ilizama mara mbili kabla hawajapata ubao wa kuiwekea. Walipozima gari kambini ilikuwa saa 12 kamili jioni. Jua la Septemba kule huzama saa 12 na dakika 20 hivi, na giza halichelewi.

Uamuzi wa dakika ishirini

Kando ya ziwa palikuwa na uwanja mpana, mweupe, usio na nyasi ndefu, na nyuma yake migunga mikubwa iliyokuwa ikidondosha maganda. Kwenye uwanja huo palipita alama mbili sambamba zilizoshuka hadi majini. Dereva alizichukulia kuwa alama za gari la kundi lililolala pale kabla yao, akaona basi, ndipo watu wanapopiga hema.

Hazikuwa za gari. Njia ya kiboko haifanani na njia ya ng'ombe. Miguu yake ya kushoto iko mbali na ya kulia, kwa hiyo njia inayotumika miaka mingi hubaki na mifereji miwili na tuta katikati, na juu ya tuta nyasi huendelea kuota kwa sababu tumbo linapita juu yake. Kwa jua la mchana tofauti na tairi inaonekana: mfereji wa kiboko una mashimo ya nyayo na kingo zilizobonyea. Kwa mwanga wa saa 12 jioni, ukiwa na watu watano waliochoka, inafanana na tairi.

Askari aliliona. Alisema mara moja, "Hapa ni mapito." Dereva akacheka, akajibu, "Afande, porini kote ni mapito," na wageni wakacheka naye. Askari hakurudia. Mahema mawili yalikuwa yameshasimama na mpishi alikuwa amewasha moto. Kuhama kungemaanisha kupakia gizani na kutafuta pengine, na gari haliruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku. Kwa hiyo walibaki.

Maelezo ya usalama yalitolewa saa 1 kasoro, watu wakiwa na sahani mkononi: usitoke kwenye hema usiku, funga zipu hadi chini, ukiwa na shida piga filimbi. Mpishi akauliza kama kuna mwenye chakula hemani. Baba akasema hakuna. Wakati huo bibi alikuwa nyuma ya gari, kwenye mkeka, anaswali Magharibi. Hakuna aliyemrudia kumwambia yaliyosemwa.

Usiku

Saa 5 kiboko wa kwanza alipanda kutoka majini, akapita hatua chache kutoka hema la wazazi, akaenda kula nyasi. Askari alikuwa macho karibu na makaa. Hakuamsha mtu, na alifanya vizuri: kiboko anayekwenda malishoni ukimwacha na njia yake hana habari na wewe.

Saa 8 na dakika 20 wakaja tembo watatu, madume, wakaanza kutikisa migunga na kuokota maganda. Dereva aliingia kwenye kiti cha gari bila kufunga mlango kwa kishindo. Askari akaja upande wa pili. Wakakubaliana wasiwaamshe wageni, kwa hoja kwamba mtu aliyelala hana kelele.

Kabla ya saa 9 dume mmoja aliacha maganda akaja moja kwa moja kwenye hema la bibi. Mkonga ulipita juu ya zipu, ukarudi, ukasimama. Binti aliniambia baadaye kwamba ulikuwa ukivuta pumzi "kama mtu anayenusa chai kabla ya kuinywa". Kisha kijiti kimoja cha hema kikavunjika, kitambaa kikawaangukia, na ubavu wa hema ukachanwa kuanzia begani hadi sakafuni. Tembo akatoa kiondo. Ndani yake mlikuwa na machungwa.

Dereva alitaka kuwasha injini na kupiga honi. Askari akamshika mkono. Tembo akala machungwa palepale, hatua mbili kutoka vichwa vya wale wawili. Bibi alikuwa amenunua kumi na mawili Kibiti, wakala mawili njiani. Anasema alihesabu kumi yakitafunwa, moja moja, na alipofika la kumi akamwambia mjukuu wake kimya kimya, "Yamekwisha." Dereva, kupitia dirisha, alikuwa akisema kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka: "Mama, laleni hivyohivyo. Msiinuke. Nipo hapa."

Tembo waliondoka saa 10 kasoro robo.

Kilichofuata ndicho kinachonitisha zaidi. Dereva aliangaza tochi, akaona hema limetulia, akadhani wamesinzia, akaamua kuwaacha hadi kupambazuke. Hawakuwa wamesinzia. Saa 10 na nusu bibi, kama kila siku ya maisha yake, aliinuka kutia udhu. Alipita kwenye ule ubavu uliochanika akiwa na birika la maji mkononi. Tochi ya askari ilimpata yeye, ikapita, ikampata kiboko akirudi ziwani kwenye njia yake, hatua kama kumi na tano kutoka kwa bibi. Wote wawili walisimama. Askari akasema, "Mama, rudi ndani taratibu," naye akarudi kinyumenyume bila kumwaga maji. Kiboko akapita.

Ndani ya hema lililoanguka bibi akapiga viganja kwenye vumbi la sakafu, akatayamamu badala ya udhu wa maji, akaswali ameketi.

Matokeo

Binti alikuwa na mchubuko wa kiwiko kutokana na kile kijiti. Presha ya bibi ilipanda. Saa 12 asubuhi dereva alipiga simu ofisini kwa setilaiti, na kwa mara ya kwanza katika kisa hiki tulifanya uamuzi bila kuhesabu saa za kibali: tokeni sasa. Walipita kituo cha afya, presha ikashuka kufikia mchana. Safari ya boti Mto Rufiji, iliyokuwa ya alasiri hiyo, ilifutwa na familia ikarudi Dar siku ya tatu. Tulirudisha fedha za boti na za usiku wa tatu. Tukio liliripotiwa hifadhini.

Uchambuzi

Ukimuuliza mtu yeyote aliyekuwepo kosa lilikuwa wapi, atakuambia machungwa. Machungwa yana hatia, lakini yangekuwa katika kambi nyingine, mbali na migunga na mbali na njia, huenda tembo asingekuwa karibu kiasi cha kuyanusa. Nami nasema usiku ule ulikuwa umeshaamuliwa saa 4 asubuhi langoni.

Nianze na ratiba yangu. Ule ujanja wa saa 4 ulizaliwa kwa ajili ya wageni wa nje, ambao viingilio vyao huhesabiwa kwa dola na siku moja ya ziada inauma. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango kidogo mno kulinganisha na hicho. Kwa familia hii siku ya pili ya kibali isingemshtua mtu. Sikuwahi kulipiga hesabu. Nilinakili ratiba ya wageni wa nje nikabadilisha majina. Wangeingia saa 12 asubuhi, mtandao ungesumbua, mbwa mwitu wangeonekana, tairi lingetoboka, na bado wangefika kambini jua likiwa juu.

Mbwa mwitu sasa. Wenzangu ofisini walimlaumu sana dereva kwa kuchepuka, na sikuwaunga mkono. Hiyo ndiyo kazi yake. Mgeni anayerudi Dar na picha ya mbwa mwitu atamleta jirani yake, na dereva anaishi kwa hilo. Kosa ni kwamba hakuna aliyempa saa ya mwisho ya kufika kambini. Karatasi ya safari ilisema "jioni: kufika kambini". Jioni ni neno pana. Ingeandikwa "saa 10, bila kujadili", angeweza kuwaambia wageni kwamba ofisi imekataa, na lawama zingekuja kwetu. Dereva anahitaji mtu wa kusingizia, na ofisi ipo kwa ajili hiyo pia.

Suala la askari ni gumu zaidi, na nimelifikiria kuliko yote. Alikuwa na taarifa sahihi, akaitoa, ikageuzwa utani mbele ya wageni. Simlaumu dereva kwa kucheka: alikuwa akilinda utulivu wa watu aliowaleta porini. Lakini askari wa hifadhi anayepandia langoni si mfanyakazi wetu, hajui nafasi yake mbele ya dereva wa kampuni, na akikatishwa mara moja hanyanyui mdomo tena. Hatukuwahi kuandika popote nani anaamua mahali pa kupiga hema. Sasa tumeandika: askari ndiye anayeonyesha mahali, na anafanya hivyo kabla wageni hawajashuka garini, yeye na dereva wawili tu. Anachosema pale hakigeuzwi mzaha kwa sababu hakuna wa kumchekesha.

Maelezo ya usalama yalishindwa mara mbili. Kwanza, neno "chakula". Kwetu chakula ni wali, ni ugali, ni kitu kilichopikwa. Baba hakudanganya, machungwa ya mama yake hayakuwa chakula. Swali linatakiwa litaje vitu: tunda, biskuti, juisi, dawa ya meno, mafuta ya nazi. Na kila mfuko ufunguliwe, wa bibi pia, kwa heshima. Pili, mmoja hakuwepo, na hakuna aliyehesabu vichwa. Bibi hakukiuka agizo lolote, kwa kuwa hakupewa. Nilipozungumza naye baadaye alisema jambo lililoniaibisha: "Mwanangu, mngeniuliza tu naamka saa ngapi. Ningetayamamu tangu mwanzo, dini imeruhusu." Tulikuwa tumemuuliza kama anakula samaki na kama ana mzio. Hatukumuuliza usiku wake ukoje.

Yaliyofanya kazi nayo yasemwe. Mahema yalifungwa zipu, na gari liliegeshwa likitazama njia ya kutokea. Kimya kilidumu. Na askari hakufyatua risasi hewani, jambo ambalo baba wa familia alililalamikia hadi mwisho. Sababu ya askari naikubali. Hesabu za tembo katika mfumo wa Selous zilianguka kutoka zaidi ya 38,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013, wakati wa wimbi la ujangili. Dume mzee wa leo alikuwa hai wakati huo. "Huyu mlio wa bunduki anaujua," askari alisema, "ila hujui utamfanya akimbie upande gani." Upande mmoja ulikuwa na hema lenye watu wawili. Honi ilikuwa na tatizo hilohilo.

Moto haukusaidia chochote, na niliulizwa kwa nini haukuwa mkubwa zaidi. Tembo aliupita kama anavyopita kichuguu.

Pale ambapo sikubaliani na timu kabisa ni zile dakika 45 baada ya tembo kuondoka. Hema lililochanika si hema tena. Wale wawili walitakiwa kuingizwa garini mara tu tembo walipotokomea, hata kama wamelala, hata kama kwa kubebwa. Dereva anasema alihofia kuwatoa nje gizani kwenye uwanja ambao wanyama walikuwa bado wanapita. Gari lilikuwa hatua nane kutoka hema. Lingeweza kusogezwa hadi mlango ugusane na kitambaa.

Baada ya hapo

Julai iliyofuata nilikwenda pale mchana, na dereva yuleyule na askari yuleyule. Mashimo ya vigingi vya hema la wazazi yalikuwa bado yanaonekana: hatua tatu kutoka ukingo wa njia ya kiboko. Askari akatuongoza juu, mbali na maji, kwenye mwinuko wa udongo mgumu wenye mti mmoja wa kivuli usiozaa kitu kinacholiwa. Tulihesabu hatua 160. Kutoka pale ziwa lote linaonekana, na palikuwa na majivu ya zamani na mawe matatu ya jiko, yameachwa na watu waliofika mapema kuliko sisi.